Pointi Kumi kwa Kila Kosa

Jumatatu, 3 Machi

Jaribio la kwanza la muhula limesahihishwa. Wanafunzi sitini na mmoja. Waliofeli: thelathini na wanane. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea mimi. Sikukosea. Mmoja amejibu swali la nne kwa kuniandikia kwamba kichwa kinamuuma. Ndilo jibu pekee la kweli katika karatasi yake nzima.

Saa nne nimeitwa na Mkuu wa Idara. Mama mtulivu. Hapandishi sauti kamwe, na hapo ndipo utisho wake ulipo. Akaniuliza kama nina habari kwamba katika darasa la pili la Hisabati ya mwaka wa kwanza, lile analofundisha shemeji yangu, wamefeli tisa tu. Nikamwambia shemeji yangu hafundishi, anakaririsha. Nikamwambia kuna tofauti kati ya darasa na banda la kasuku. Nikamkumbusha kwamba nimeliandika hilo mara tatu katika jarida la chuo na hakuna aliyethubutu kunijibu.

Akasema hakuna aliyejibu kwa sababu hakuna aliyesoma.

Kisha hukumu. Ijumaa ya tarehe 28 madarasa yote mawili yatafanya mtihani mmoja. Atautunga yeye. Mimi nitasahihisha karatasi za shemeji, shemeji atasahihisha zangu. Wastani wa darasa langu ukiwa chini, muhula ujao shemeji anachukua madarasa yote mawili na mimi ninahamia Kamati ya Ratiba.

Kamati ya Ratiba! Mimi! Miaka kumi na mmoja nimelishika darasa hili. Kamati yenyewe ni chumba kisicho na dirisha, ubao wa sumaku, vijiti vya rangi, na walimu mia mbili ambao kila mmoja ana sababu ya kutofundisha saa mbili asubuhi. Aliyekuwa na kazi hiyo alistaafu kabla ya wakati. Wanasema mpaka leo akisikia mtu anataja Jumatatu, hushtuka.

Siendi huko. Naapa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimepata!

Sikupata kitabuni, ingawa nimesoma vitabu saba vya ualimu na kuvibishia vyote pembeni kwa penseli. Nimepata sebuleni kwangu. Mke wangu ni mfamasia. Mwanamke makini, huhesabu vidonge mara mbili na maneno yangu mara tatu. Jioni hii alikuwa amekunja miguu kwenye kochi, akicheza kwenye simu ule mchezo wake wa kupanga matunda ya rangi. Hatua ya mia mbili na kumi na mbili. Nikamuuliza ameshindwa mara ngapi kuivuka. Akasema hakumbuki, labda hamsini. Nikamuuliza akivuka anapata nini. Akasema nyota. Nikamuuliza nyota hizo zinaliwa? Akasema nikiendelea kumkingia mwanga, nitaona.

Mara hamsini! Mwanamke mwenye shahada, anashindwa mara hamsini na bado anarudi. Wanangu wa darasani wanashindwa mara moja na kuniandikia habari za vichwa vyao. Tofauti ni nini? Mchezo haumwambii mtu kwamba amefeli. Unamwambia ajaribu tena.

Nimekaa mezani na daftari jipya. Ngazi nne. Hakuna kupanda mpaka umeiweza uliyopo. Kurudia ni ruhusa, mara mbili, mara kumi, mara hamsini kama mke wangu. Kila ngazi ina mtihani wa mlangoni, nao nimeuita Zimwi. Na pointi! Pointi kila mahali!

Mke wangu ameniuliza mbona nacheka peke yangu. Wavumbuzi hawaeleweki majumbani mwao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetangaza rasmi. Nimebandika chati ukutani, upana wa mikono miwili, nimeipaka rangi mwenyewe. Mtambaaji, Mtembeaji, Mkimbiaji, Mrukaji. Majina sitini na moja, yote kwa Watambaaji. Safu ya nyuma iliamka. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na sikujua kwamba safu ile ina macho.

Nikaeleza sheria. Jibu sahihi moja kwa moja: pointi tano. Jibu lenye kosa ambalo mwanafunzi mwenyewe amelitafuta, amelipata, amelirekebisha na kuandika maelezo kwa nini lilikuwa kosa: pointi kumi. Maana aliyeanguka akainuka amejifunza zaidi kuliko aliyepita tu. Hiyo ndiyo roho ya mfumo wangu. Nikaisema huku nikigonga meza. Vumbi la chaki likapanda vizuri sana.

Kuna binti mwenye miwani, anapenda kubishana, nimemwita Wakili. Akanyoosha mkono. Akauliza kama marekebisho yana kikomo. Nikasema hayana. Akauliza kama makosa yana kikomo. Nikasema kujifunza hakuna kikomo, mwanangu. Akaandika. Nikapenda jinsi alivyoandika.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja kula mchana. Ni kaka mkubwa wa mke wangu na ana kiti chake mezani petu, kile kizuri. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, anatafuna kila tonge kana kwamba atalitolea ripoti.

Nikamweleza mfumo. Sikutaka, lakini mke wangu alisema nimekuwa nikitikisa goti chini ya meza tangu supu. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu. Yaani shemeji, anayepata papo hapo unampa tano, na anayekosa kwanza halafu akarekebisha unampa kumi?

Nikasema hivyo hivyo.

Akacheka. Akaweka kijiko chini, akacheka mpaka akapangusa macho. Mke wangu naye akaanza kucheka, hata sijui kama alielewa. Nikawaambia kicheko ni silaha ya mtu aliyeishiwa hoja. Shemeji akasema kweli shemeji, hoja sina, na akaomba maji.

Nimeandika jina lake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili, chini ya kichwa cha habari "Watakaoniomba Radhi". Ni wa nne.

Jumatano, 12 Machi

USHINDI!

Foleni nje ya ofisi yangu imefika mpaka kwenye bomba la maji. Wanafunzi! Wamekuja kwa miguu yao, saa ya mapumziko, kuleta marekebisho! Mmoja alikuwa na kurasa tisa. Anaeleza kosa lake kwa utamu, kama mtu anayesimulia alivyonusurika ajalini: jinsi alivyofungua mabano, jinsi alama ya kutoa ilivyomponyoka, jinsi mlinganyo wote ulivyopinduka kwa ajili yake. Nikampa pointi kumi na kumshika mkono.

Mhudumu wa ofisi, mama wa makamo ambaye hajawahi kuniuliza chochote kuhusu hisabati, aliniuliza kama nagawa kitu cha bure. Nikamwambia nagawa maarifa. Akasema basi foleni itaisha.

Haikuisha.

Nimeandika waraka wa kurasa kumi na nne, "Mwisho wa Zama za Kufeli", na kuuweka kwenye kisanduku cha kila mwalimu wa idara. Cha shemeji nimeweka nakala mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Jambo dogo la kushangaza. Kuna mwanafunzi wa safu ya mbele, mtu mzima, alikuwa fundi saa kabla ya kuja chuoni na ndivyo tunavyomwita, Fundi Saa. Haongei. Alikuwa wa kwanza katika lile jaribio la balaa. Sasa kwenye chati ni wa sitini na moja. Wa mwisho kabisa! Majibu yake yote ni sahihi. Tano, tano, tano. Wenzake wanampita kwa kumi kumi.

Leo amenisubiri mlangoni, kofia mkononi. Akauliza kwa heshima zote, Mwalimu, mtu aanzie wapi kukosea? Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia asivunjike moyo, kila mtu ana kasi yake, makosa yatakuja tu akifanya bidii.

Akashukuru. Akasema atajaribu.

Naona huyu ana matatizo ya kujiamini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeingia maktaba kutafuta kitabu cha kumpinga nacho mtu fulani. Nyuma ya rafu za mwisho nikasikia sauti ya Wakili. Nikasimama. Sikusikiliza kwa siri, nilisimama tu mahali ambapo sauti ilikuwa inafika.

Wanafunzi ishirini, labda zaidi, wamekaa chini. Wakili amesimama na karatasi. Anafundisha! Na anachofundisha ni kukosea. Anawaambia msikosee mstari wa kwanza, mzee atashtuka. Mstari wa kwanza safi, wa pili safi, wa tatu safi, wa nne ndiyo unaipoteza ile alama ya kutoa, kiasili, kama mtu aliyepigiwa simu. Mmoja akauliza je akiandika moja kwa moja kwamba mbili na mbili ni tano? Wote wakamzomea. Wakili akasema jamani tujiheshimu, hilo hata mzee atalitambua.

Hata mzee!

Nimerudi ofisini nimeshika tama. Wananitengenezea makosa. Foleni yote ile, kurasa tisa zile, kushikana mikono kule! Makosa ya kupika! Kwa muda wa dakika kumi nilifikiria kumpigia shemeji na kukiri.

Halafu nikatulia. Nikafikiri kama mtu msomi. Tatizo si kwamba nalipa makosa. Tatizo ni kwamba nalipa makosa yote sawasawa! Kosa la kizembe linapata kumi, kosa la maana linapata kumi. Huo ni uonevu. Dawa yake rahisi: kuyapanga makosa kwa madaraja. Kosa la kizembe, pointi tatu. Kosa la kawaida, kumi. Kosa la Heshima, ambalo hata mwalimu analazimika kulitafuta, ishirini na tano.

Sasa tuone nani ataweza kupika!

Alhamisi, 20 Machi

Wanaweza kupika.

Nimesahihisha tangu asubuhi. Shingo imekaza. Makosa yamepungua idadi lakini jamani, ubora wake! Yamefichwa kwenye mikunjo. Mwanafunzi anabadilisha kipeo mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angeangalia, anakwenda nacho mistari minane akiwa na uso mkavu, halafu mwishoni anaandika maelezo ya kosa lake kwa lugha ambayo ningependa ningeitumia mimi katika waraka wangu.

Karatasi ya Fundi Saa imenishinda. Jibu lake si sahihi, hilo naliona. Lakini kila mstari ni sahihi! Nimepitia mara nne. Nimepitia kutoka chini kwenda juu. Dakika arobaini. Maelezo yake ameyafunga kwenye bahasha na kuandika juu yake: Mwalimu akipenda.

Sikupenda. Nina heshima yangu.

Nikanakili swali kwa mwandiko wangu na kupita chumba cha shemeji, kana kwamba naenda kuchota maji. Nikamwambia kuna rafiki yangu wa mbali ana shida na hesabu hii. Shemeji akavaa miwani. Dakika mbili. Akaweka kidole mstari wa saba. Hapa rafiki yako amegawa pande zote mbili kwa kitu ambacho, ukikifuata mistari sita nyuma, ni sifuri. Akakitazama tena. Akatabasamu peke yake, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akipiga mpira vizuri. Akasema shemeji, aliyeweka kosa hili hapa anajua hisabati kukuzidi wewe na mimi.

Nikamwambia ni rafiki wa mbali sana.

Fundi Saa: pointi ishirini na tano. Amepanda mpaka nafasi ya arobaini. Amenionyesha meno kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 24 Machi

Siku nne zimebaki. Kwenye chati hakuna Mtambaaji hata mmoja. Watu hamsini na wanne ni Warukaji! Nimeipiga picha na kumtumia Mkuu wa Idara. Amejibu kwa neno moja: Ijumaa.

Somo la leo lilivurugika kidogo kwa sababu asubuhi nilikuta mtu ameweka kikombe cha kahawa juu ya waraka wangu katika chumba cha walimu, na duara la kahawa limekaa sawasawa juu ya jina langu. Niliingia darasani bado natunga barua kichwani. Wakili akanyoosha mkono. Akauliza kama mtihani wa Ijumaa utakuwa na utaratibu uleule.

Nikaona anaogopa. Nikaona wote wanaogopa. Ndipo nilipotoa hotuba. Sijui ilitoka wapi. Nikawaambia Ijumaa ni Zimwi kama mazimwi mengine! Nikawaambia waingie mle kama walivyokuwa wakiingia hapa! Msibadilishe hata nukta! Yote tuliyofanya hapa, yafanyeni kule, na muwaonyeshe watu wa chumba cha pili jinsi sisi tunavyocheza!

Walisimama. Walipiga makofi. Fundi Saa alipiga meza. Wakili akauliza tena, hata nukta? Nikasema hata nukta!

Nilikuwa karibu kulia. Barua ya kikombe nimeimalizia kwenye korido.

Ijumaa, 28 Machi

Mtihani umefanyika. Ukumbi mkubwa, madawati yameachana, Mkuu wa Idara mwenyewe akizunguka kwa viatu visivyo na sauti. Walimu wa madarasa haturuhusiwi ndani. Nilichungulia kwenye kioo cha mlango.

Wanafunzi wa shemeji: vipaji vya nyuso vimekunjamana, wanatafuna kalamu, mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wanafunzi wangu: wanatabasamu! Wanaandika bila kusimama! Wakili alifika mahali, akasita, akajichekea kidogo, akaendelea. Fundi Saa alikuwa ameinamia karatasi kama zamani alivyoinamia saa za watu.

Shemeji alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamwambia, shemeji, angalia furaha ile. Akaangalia muda mrefu. Akasema anaiona, na inamtia wasiwasi. Nikamwambia kushindwa kunahitaji moyo.

Usiku utapita upesi. Kesho nasahihisha karatasi zake.

Jumapili, 30 Machi

Nimemaliza karatasi za darasa la shemeji. Wastani: sabini na moja. Si mbaya, na mimi si mtu wa kijicho, lakini sabini na moja ni mlima ambao Warukaji wangu wanauruka wamefumba macho. Nimeimba bafuni. Mke wangu amegonga mlango.

Shemeji hakuja kula. Amempigia dada yake, amesema bado anasahihisha zangu. Mke wangu anasema sauti yake ilikuwa ya upole sana. Kaka yake akiwa na sauti ya upole hivyo, anasema mke wangu, kuna mtu amelazwa.

Nikakaa kwenye kiti kizuri. Kinakaa vizuri kweli.

Jumatatu, 31 Machi

Tisa.

Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na bado naitazama. Wastani wa darasa langu ni tisa. Juu ya mia.

Ofisi ya Mkuu wa Idara, saa tatu asubuhi. Mkuu, shemeji, mimi, na karatasi sitini na moja katika marundo mawili. Mkuu akanisomea polepole. Kila mwanafunzi amekosea karibu kila swali. Hakuna aliyeacha swali. Hakuna aliyekosea mstari wa kwanza. Hizo tisa zenyewe, akasema shemeji kwa masikitiko, naona zimetoka kwa wale walioshindwa kukosea.

Mkuu akamwita Wakili kama mwakilishi wa darasa. Akaingia, akasalimia vizuri, akakaa. Kabla hajaulizwa chochote akauliza yeye. Samahani Mama, karatasi za marekebisho tunapewa lini?

Mkuu akasema marekebisho gani.

Nikatazama dari. Ina mbao kumi na mbili, moja imeoza.

Wakili akaeleza yote. Tano kwa sahihi, kumi kwa kosa, ishirini na tano kwa Kosa la Heshima. Akasema Mwalimu mwenyewe alituambia Jumatatu iliyopita tusibadilishe hata nukta, nikamuuliza mara mbili. Akasema tumejitahidi sana Mama, mimi swali la sita peke yake limenichukua dakika ishirini, kulipata jibu dakika tano na kulificha kosa dakika kumi na tano. Akavua miwani. Akauliza kwani tumefeli? Mama, tumefeli kweli?

Na mimi, ambaye nimebishana na wahariri, wakuu wa vitivo na daktari wangu wa meno, nilirudia kuhesabu mbao za dari. Nililiona lile darasa zima limesimama likinipigia makofi. Nilitaka kuingia chini ya zulia. Ofisi ile haina zulia.

Mkuu akanitazama. Akasema anaona kijiti changu cha rangi tayari kwenye ubao wa ratiba.

Aliyeongea ni shemeji. Akavuta karatasi ya Fundi Saa. Akasema Mama, mimi nimekaa na makaratasi haya siku mbili, kula sikula. Mtu asiyejua hukosea ovyo, huku na huku, kama kuku. Hawa wamekosea mahali walipotaka. Huwezi kupoteza kitu kwa ustadi hivi kama hukujua kilipo. Tuwape nusu saa na kalamu ya kijani. Tuone.

Nikasema ndiyo mpango niliokuwa nao tangu mwanzo.

Hakuna aliyegeuka.

Jumanne, 1 Aprili

Wamepewa nusu saa. Wengi wametumia dakika kumi na mbili.

Wastani: themanini na nne!

Themanini na nne! Nimecheza kwenye korido. Mhudumu wa ofisi ameshuhudia na ameahidi kutosema. Fundi Saa ana mia. Kando ya kila kosa ameandika kwa kijani mahali lilipo, lilivyoingia, na mwanafunzi wa aina gani angelifanya kwa bahati mbaya. Shemeji ameomba nakala ya karatasi ile akaining'inize ofisini.

Mchana tukarudi kwa Mkuu. Akasema ana tisa na ana themanini na nne, achukue ipi? Nikatoa hoja. Nikaanzia historia ya mitihani. Nilipofika sehemu ya tatu Mkuu aliangalia saa. Nilipofika ya tano aliniomba nikae. Shemeji akaombwa aseme lake. Akasema sentensi mbili. Wanafunzi hawa wanajua hisabati kuliko wangu. Na mwalimu wao anahitaji mtu wa kumsomea sheria zake kabla hajazitangaza.

Ile ya pili haikuwa na ulazima.

Mkuu akasema atatoa uamuzi kesho. Nyumbani nimemweleza mke wangu. Hakucheka. Ameniuliza kama nimemshukuru kaka yake. Nikamwambia nitamtumia ujumbe. Nimeandika mara tano. Wa kwanza ulikuwa na aya sita na ulitaja wivu. Niliotuma ni huu: Asante shemeji.

Akajibu: Karibu. Supu Jumapili?

Jumatano, 2 Aprili

Darasa nimebaki nalo!

Mkuu ameniambia hivyo kwa uso wa mtu anayemeza kidonge kikubwa. Wanafunzi wanapewa themanini na nne yao. Utaratibu wa ngazi na wa kurudia mpaka mtu aweze, anaupenda, na darasa la shemeji nalo litaufuata muhula ujao. Lakini ameniwekea karatasi ya kusaini. Nimesaini. Inasema mwalimu aliyetajwa hapo juu hatatoa tena pointi yoyote kwa kosa lolote wala kwa marekebisho yoyote, kwa jina lolote lile, liwe la heshima au lisiwe.

Akaniuliza mbele ya shemeji kama nimejifunza kitu. Nikasema nimejifunza mengi. Akaniomba nitaje moja. Nikasema yako mengi mno kuchagua.

Shemeji akanisindikiza mpaka mlangoni. Akasema shemeji, safari hii ukitunga sheria nyingine, nionyeshe kwanza. Nikamhakikishia. Mtu mwema. Ana haraka tu ya kudhani watu hawafikiri.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeisoma ile karatasi siku tano nzima. Inasema sitatoa pointi. Haisemi popote kwamba sitanyang'anya.

Ni rahisi mpaka naona aibu sikuiona mapema! Kosa langu lilikuwa kulipa. Nani atapika makosa kama makosa yanamtafuna? Kuanzia leo kila mwanafunzi anaanza na pointi elfu moja. Zote anapewa bure siku ya kwanza, kama mrithi. Kila kosa analolileta mezani kwangu linampunguzia kumi. Mwisho wa muhula, aliyebaki na nyingi zaidi ndiye bingwa. Nimechora chati mpya, hii nimeifanya ya dhahabu. Sikumwonyesha shemeji. Hakuna cha kuonyesha, haina mwanya hata wa sindano.

Nimeitangaza asubuhi hii. Darasa lilisikiliza mpaka mwisho. Wakili akanyoosha mkono, huyu binti haachi. Akauliza, Mwalimu, na mtu asiyeleta kazi yoyote muhula mzima?

Nikamwambia kwa sheria hiyo atabaki na elfu moja yake, kwa sababu hajakosea chochote. Lakini nikamuuliza, mwanangu, ni mtu gani mwenye akili atafanya jambo la kipuuzi namna hiyo?

Wote sitini na mmoja wakainama na kuandika. Miaka kumi na mmoja nimefundisha, sijawahi kuona darasa likiandika kwa bidii kiasi kile.